Fisi Aliyetafuta Kungwi

Paukwa!

Pakawa!

Eh! Pakawa gani hiyo, ya watu wenye njaa? Mihogo ya kuchoma nimewapa, mmekula, na vidole mmelamba. Tena! Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Wewe Makame, acha kuchokoa moto, cheche zitaniunguza kanga. Mwanakombo, sogea, umemkalia mwenzio shuka. Ngojeni nikae vizuri. Leo nina hadithi inayonichekesha mwenyewe kabla sijaianza, na nikicheka katikati mnivumilie.

Hapo zamani, zamani ile ambayo wanyama na watu wakikutana njiani waliamkiana na kuulizana habari za nyumbani, palikuwa na Fisi. Na Fisi huyo, jamani, alikuwa mlafi. Sikusema anapenda kula. Kupenda kula hata mimi napenda. Yeye alikuwa mlafi. Akitengewa mfupa, hap! Mfupa hakuna. Akitengewa nyama kwenye ungo, hap! Nyama hakuna, ungo hakuna. Akitengewa uji, hap! Uji hakuna, bakuli hakuna, na mwiko uliokoroga uji hakuna. Watu wakimwona anakuja walikuwa wanaficha vyombo kwanza, chakula baadaye.

Nani akae kula na mtu wa namna hiyo? Hakuna. Kwa hiyo Fisi alikula peke yake, amegeukia ukuta, tangu utoto wake.

Sasa siku moja Fisi akapenda. Mnacheka nini? Fisi hana moyo? Alikuwa anapita karibu na shimo la akina Nyegere, yule mnyama mfupi mwenye mgongo mweupe asiyemwogopa hata simba. Akajikwaa, akaanguka kifudifudi kwenye tope, pwaa! Akaanza kujicheka mwenyewe: hii hii hii! Kicheko cha Fisi mnakijua, watu wakikisikia hufunga milango. Lakini siku hiyo alisikia kicheko kingine kinamjibu: hii hii hii! Kumbe ni binti wa Mzee Nyegere, jina lake Tatu, amekaa mlangoni kwao anachambua mchele, na amecheka mpaka mchele wote umemwagika.

"Umeanguka vizuri kweli," Tatu akasema, anafuta machozi. "Hebu anguka tena."

Fisi akaanguka tena.

"Hebu tena!"

Akaanguka mara ya tatu, akajiviringisha na kujiviringisha. Maisha yake yote Fisi alikuwa akiambiwa nyamaza, na huyu ndiye wa kwanza kumwambia hebu tena. Siku ile alirudi nyumbani hajala, wala hakukumbuka kwamba hajala. Na kila siku akawa anapita pale kuanguka.

Basi akatuma mshenga. Mzee Nyegere akamjibu mshenga: "Mwambie aje tule pamoja. Mimi mtu namjua kwenye sinia."

Mnaujua mtihani wa sinia? Sinia linawekwa mkekani, wali umetandazwa, nyama imerundikwa katikati. Kila mmoja anakula mbele yake. Nyama haiguswi! Nyama inamngoja mkubwa wa sinia aigawe pande kwa pande kwa mkono wake: hili lako, hili lako, hili lako. Ukipeleka mkono katikati kabla hujagawiwa, na wakwe wanakutazama, ni afadhali ungekuja bila nguo.

Fisi akaoga. Akavaa kanzu. Akapaka masharubu mafuta ya nazi. Akaenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Karibu mkekani."

Sinia likaletwa. Mzee Nyegere akageuka kunawa mikono. Kunawa tu! Hap! Nyama hakuna. Hap! Wali hakuna. Hap! Kitambaa cha kufutia mikono hakuna. Sinia lenyewe lilinusurika kwa kuwa lilikuwa la shaba. Mzee Nyegere akageuka, mkono unatiririka maji, akatafuta kitambaa, akatafuta wali, akatafuta nyama, kisha akamtazama Fisi, ambaye ncha ya kitambaa ilikuwa bado inaning'inia mdomoni mwake.

Hakupiga kelele. Bora angepiga.

"Kijana," akasema, "binti yangu anakupenda, na sijui kwa nini, lakini sitaki kumvunja moyo. Ila nikimwoza kwako atalala na njaa maisha yake yote, na watoto wake pia. Rudi mwezi ukiandama, tule tena. Ukinyakua safari hiyo, basi. Usipite tena kwenye shimo letu. Hata kuanguka, ukaanguke kwingine."

Nyuma ya pazia Tatu alikuwa anasikia yote, na hakucheka. Fisi alikusikia kule kutocheka kwake, kukamuuma kuliko maneno ya mzee. Akaondoka, mkia katikati ya miguu.

Njiani akaapa. "Naapa kwa mkia wangu, sinyakui tena!" Kupiga kona, kuna mtu ameanika dagaa. Hap! Dagaa hakuna, jamvi hakuna. Akaapa tena, kwa sauti kubwa zaidi: "Naapa kwa meno yangu yote, sinyakui tena!" Kupiga kona ya pili, kuna bibi amepanga maandazi kwenye kikapu. Hap! Maandazi hakuna, kikapu hakuna, bibi yuko juu ya dari. Akaapa kwa kelele mpaka ndege wakaruka: "Naapa kwa kaburi la nyanya yangu, sinyakui tena!" Kupiga kona ya tatu, kuna chungu cha maharagwe kinatokota motoni. Hap! Mnadhani alingoja yapoe? Alikwenda mtoni mbio, moshi unamtoka puani.

Akakaa ukingoni, ulimi majini, analia. "Nataka kuacha," akasema. "Haki ya Mungu nataka kweli. Mbona nikitaka haitoshi?"

Ndipo akamkumbuka Bi Mbuzi.

Bi Mbuzi alikuwa kungwi wa nchi nzima. Wari wote walipelekwa kwake kufundwa: namna ya kukaa, namna ya kusema, namna ya kunyamaza. Fisi wenzake waliposikia anakokwenda walicheka wakashika mbavu. "Kungwi ni wa mabibi harusi!" wakasema.

"Basi na mimi ni bibi harusi," Fisi akajibu, akaenda zake.

Akamkuta Bi Mbuzi juu ya jabali lake, amekunja miguu, anacheua taratibu.

"Shikamoo, Bi Mbuzi."

"Marahaba. Simama hapo hapo. Rudi nyuma. Nyuma tena. Nyuma tena. Haya, sema."

Fisi akasema yote: anguko, sinia, kitambaa, viapo, maharagwe. "Nipe dawa, bibi yangu," akamalizia. "Au nifukuze. Naona watu wote hunifukuza."

"Nikufukuze?" Bi Mbuzi akasema. "Mwari wangu, katika nchi hii nzima nani ana haja ya kukuona umebadilika kunishinda mimi?"

Hee! Mmesikia? Kungwi huyo hakuwa na mzaha.

"Dawa sina," akaendelea. "Nina maswali. Kabla ya kunyakua, kunatokea nini?"

"Hakutokei kitu. Kuna chakula, halafu hakuna chakula."

"Na katikati?"

"Katikati hakuna katikati."

"Ipo. Hebu nitazame. Nitazame vizuri nilivyonona."

Fisi akamtazama. Mara, twii! Masikio yakasimama.

"Hayo!" Bi Mbuzi akaruka juu kwa furaha. "Masikio! Shika kichwa chako! Yamesimama au hayakusimama?"

Fisi akajipapasa. "Yamesimama," akasema kwa mshangao. "Kumbe huwa yanasimama?"

"Kila mara. Hujajua tu, maana ukifika hapo umeshameza. Sasa sikiliza. Mimi sikwambii usinyakue. Umejiambia hivyo mara tatu kwa viapo, na mkono wako haukusikia. Mkono unataka kazi, tutaupa kazi nyingine. Masikio yakisimama, uinue mkono uwaelekeze wenzako, useme: karibuni!"

"Karibuni tu?"

"Karibuni tu. Mtu akiwa anakula na mwenziwe akapita, husema nini?"

Fisi akafikiri. "Mimi sijawahi kusema," akajibu polepole. "Sijawahi kubaki na kitu cha kumkaribishia mtu."

Bi Mbuzi hapo aliacha kucheua. Nadhani alimwonea huruma, ila kungwi haonyeshi.

Na ninyi mnisaidie. Nikisema masikio, mjibu karibuni. Masikio!

Karibuni!

Makame amechelewa. Masikio!

Karibuni!

Ehee. Siku ya kwanza Bi Mbuzi akamwekea Fisi jani la mgomba. Jani! Fisi akakasirika. "Nimekuja kufundwa nyama, unaniwekea majani?"

"Jani unaliweza?"

"Jani nani hawezi?"

"Basi tuanze na unaloliweza. Masikio!"

"Yamelala, bibi. Nani asimamishe masikio kwa jani?"

"Sema hivyo hivyo, mdomo uzoee."

"Karibuni," Fisi akalikaribishia jani, anaona aibu. Akasema asubuhi, akasema mchana, akasema jioni. Nzi wakaitika.

Baada ya jani, kiazi. Masikio! Karibuni! Baada ya kiazi, muhogo. Masikio! Karibuni! Baada ya muhogo, mfupa wenye nyama kidogo, umelala kwenye ungo, mwiko kando. Masikio...

Hap!

Mnaona? Mfupa hakuna, ungo hakuna. Fisi akajitupa chini, akajipiga kichwani. "Basi! Nimerudi kule kule! Sifai, bibi, nimuache mtoto wa watu aolewe na mwingine."

Bi Mbuzi akashuka hatua moja kutoka jabalini, akachungulia. "Mwiko uko wapi?"

"Mwiko?"

"Mwiko ulikuwa kando ya ungo. Uko wapi?"

Fisi akageuka. Mwiko ulikuwa pale pale, umelala mchangani, mzima.

"Zamani ungeumeza?"

"Ningeuanza."

"Basi hukurudi kule kule," Bi Mbuzi akasema. "Umebakisha mwiko. Inuka, pangusa kanzu, niletee ungo mwingine, na safari hii ubakishe ungo."

Akainuka. Kesho yake akabakisha ungo. Kesho yake tena mfupa ulikaa pale kwenye ungo, Fisi anatetemeka mwili mzima, jasho linamtoka, anapaza sauti kama mwuza samaki: "Karibuni! Karibuni! Karibuni!" Mfupa haukwenda popote. Bi Mbuzi alipiga vigelegele, akacheza mduara juu ya jabali, na Fisi akacheza chini, kila mmoja peke yake kwa usalama.

Lakini mwezi ulikuwa unakaribia kuandama. Bi Mbuzi akasema: "Mwari wangu, tuna shida. Mimi ndiye ninayepiga kelele za masikio. Kule mkekani sitakuwepo."

"Njoo, ukae nyuma ya pazia!"

"Mbuzi, akae nyumba yenye pilau? Umerukwa na akili? Leo nitanyamaza. Uyasikie mwenyewe."

Akafanya jambo ambalo nikilisimulia nywele zinanisimama. Alishuka. Alishuka jabali lote, akaja mbele ya Fisi, karibu kama mimi na wewe Mwanakombo, akamgeuzia mgongo, akalala, akafumba macho. Akaanza hata kukoroma. Kukoroma kwa uongo bila shaka, moyo unamwenda mbio, lakini alikoroma.

Fisi akatazama mgongo. Akatazama mapaja. Kimya. Hakuna wa kupiga kelele. Twii! Masikio yakasimama. Mkono ukainuka, na Fisi akapiga ukelele: "Karibuni!"

Halafu akashtuka, akaangalia kushoto na kulia. "Hapana, hapana! Msije! Sikuwaita kuja kumla Bi Mbuzi!"

Bi Mbuzi alicheka hapo chini mpaka akapaliwa na majani yake mwenyewe, ikabidi Fisi ampigepige mgongoni. Na alimpigapiga kwa adabu.

Mwezi ukaandama. Fisi akaoga, akavaa kanzu, akaenda. Safari hii Mzee Nyegere aliandaa nyama mara mbili ya ile ya kwanza. Ya nani, msiniulize. Bi Mbuzi alikuwa hai jabalini kwake, hilo tu najua. Sinia likawekwa barazani, njia ya watu iko mbele. Mvuke unapanda. Nyuma ya pazia Tatu ameuma upindo wa kanga.

Twii! Masikio!

Karibuni!

"Karibuni!" Fisi akasema, mkono juu.

"Tumeshakaribia, kijana, tuko wawili tu," Mzee Nyegere akajibu.

Njiani alikuwa anapita Ngiri. "Starehe," akaitikia kwa adabu, anakwenda zake. Ndivyo tunavyojibu, sivyo? Ukikaribishwa mara moja unasema starehe. Lakini twii! "Karibuni!" Ngiri akasema: "Starehe, nimetoka kula," na ilikuwa uongo. Twii! "Karibuni, jamani!" Mara ya tatu! Utakataaje mara ya tatu, mtu amekuinulia mkono hivyo, sauti inamtetemeka? Ngiri akavua viatu, akakaa.

Akapita Tumbili na mkewe. Starehe, starehe, haya tumekuja. Akapita Kanga na wanawe. Starehe, starehe, haya tumekuja. Masikio ya Fisi hayakutaka kulala siku ile, na kila yakisimama alikaribisha, na kila akikaribisha watu walikuja, mpaka mkeka ukajaa na wengine wakakalia kingo za baraza. Wanagusana viwiko. Wanaulizana habari. Ngiri akamwegemea Fisi begani bila kujua, na Fisi hakuthubutu kupumua, maana hakuna aliyewahi kumwegemea.

Mzee Nyegere akaanza kugawa nyama. Hili lako. Hili lako. Hili lako. Akagawa, akagawa, akagawa. Mkono uliporudi katikati ya sinia ulikuta pande moja tu. Lilikuwa lake yeye mwenyewe, mkubwa wa sinia. Fisi hakubakiwa na kitu.

Watu wakaacha kutafuna. Fisi akalitazama lile pande mkononi mwa mzee. Tumbo likanguruma, kila mtu akalisikia. Masikio yakasimama kama hayajawahi kusimama. Mkono wake ukainuka...

Tulieni! Msiseme. Safari hii alisema mwenyewe.

"Karibu, mzee," Fisi akasema, kwa sauti ndogo kabisa. "Ule wewe."

Mzee Nyegere akalirudisha pande siniani. Kisha akachukua wali, akaufinyanga tonge pamoja na lile pande la nyama, akanyoosha mkono juu ya sinia, na mbele ya watu wote akamtia Fisi tonge mdomoni, kama mtu anavyomlisha mwanawe.

Fisi alipigwa na butwaa hata akasahau kumeza. Na mdomo uliosahau kumeza, meno yatafanya nini? Yakatafuna. Taratibu. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu macho yakamtoka.

"Jamani!" akapiga kelele, machozi yanamtiririka masharubuni. "Kumbe nyama ina ladha!"

Hii hii hii! Kicheko kikapasuka nyuma ya pazia, na pazia lenyewe likaanguka na Tatu ndani yake, akajiviringisha hadi mkekani. Fisi akacheka, Ngiri akacheka, Mzee Nyegere akacheka mpaka akashika ukuta. "Mchukue," akasema, "mchukue kabla hamjanivunjia nyumba!" Wakaozwa wiki ile ile, na wale waliokaa kwenye sinia ndio waliobeba zawadi.

Habari zikamfikia Bi Mbuzi jabalini. Akapiga vigelegele, akaruka, akacheza. "Mwari wangu ameweza! Na alipolishwa tonge, alisemaje?"

"Alisema: kumbe nyama ina ladha."

Bi Mbuzi akaacha kucheza. Akacheua kidogo, anafikiri. Halafu akakunja mkeka wake na kuhamia jabali la juu zaidi, na wari wake mpaka leo wanamfuata huko huko, wakihema.

Basi, hadithi yangu imeshiba, imenawa mikono, imejilaza. Nami siiamshi.